Mtindi na tomato ya chipsi Arusha: anayetia uzito alazimishwe kusema katia nini?

Mleta mada, Sanawari
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilinunua mtindi wa kikombe dukani, mzito hadi kijiko kinasimama. Nikaudondoshea iodini ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Palipodondoka pakageuka bluu, kisha karibu na nyeusi. Waliofanya jaribio hili sekondari wanajua maana yake: umetiwa unga. Iodini hugeuka bluu ikikuta wanga, na maziwa hayana wanga.

Sisemi ni sumu. Mtori unashikana kwa wanga wa ndizi na hakuna anayelalamika. Lakini mtori najua ni ndizi. Kikombe kile nimekilipia kama maziwa, kumbe sehemu ni maji yaliyoshikwa na unga. Mwenye kisukari anayepima chakula chake naye atajuaje? Kopo la kiwandani lina viambato vilivyoandikwa nyuma, cha mtaani hakina hata jina la aliyekitengeneza. Hoja yangu: muuzaji alazimishwe kusema. Karibuni.

Muuza mtindi, Kilombero
Kaka, pole na iodini yako. Mtindi wa maziwa matupu ukikaa siku mbili unaachia maji juu. Ni maji ya maziwa yenyewe, lakini mteja akiyaona anasema nimechanganya na ya bomba, anahamia kwa jirani. Nikitia kornflawa kidogo, maji hayaonekani na nasifiwa. Mnatufundisha wenyewe kudanganya halafu mnakuja kushtaki huku.

Mleta mada, Sanawari
Dada, hapo umenibana kidogo. Ila uzito unapatikana bila unga. Maziwa yakishikiliwa kwenye joto la nyuzi 85 kwa nusu saa kabla ya kupoozwa na kutiwa kimea cha kugandishia, protini zake zinabadilika na kuyashika maji vizuri zaidi. Au chuja kwa kitambaa safi.

Muuza mtindi, Kilombero
Nusu saa ya gesi unalipa wewe? Na nikichuja, lita kumi hazibaki kumi. Uko tayari kuongeza bei?

Kijana wa chipsi, Kaloleni
Tomato ya mezani ni ya bure jamani. Nyanya zikipanda bei, nikiweka nyanya tupu nitakula mtaji. Unga, siki, sukari, chumvi, nyanya kidogo. Kila mtu anajua.

Fundi sabuni, Ngarenaro
Mnagombana na kornflawa wakati jambo lenyewe liko kwingine. Mimi natengeneza sabuni ya maji, uzito natia CMC. Ni unga mweupe unaotokana na nyuzi za miti au pamba, na unashika hata kwenye maji baridi, ndiyo maana watu wa juisi na lambalamba wanaupenda. Yenyewe si mbaya, inaruhusiwa kwenye chakula nchi nyingi. Lakini ziko za aina mbili. Ya chakula imesafishwa, usafi wake haupungui asilimia 99.5. Ya viwandani, hiyo ya sabuni na ya tope la kuchimbia visima vya mafuta, imebaki na chumvichumvi za kiwandani na haikuandaliwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Ukipimiwa robo kilo kwenye kifuko kisicho na maandishi, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Na iodini yako, mkuu, haiioni CMC kabisa.

Mama wa Majengo, Moshi
Assalaam alaykum. Na jeletini ya kugandishia je? Inatoka kwenye ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Kwangu hilo si suala la bei. Nikimuuliza muuzaji ananijibu "ni unga tu, mama". Unga wa nini, mwanangu?

Mpita njia, Pasua
Mkileta sheria, mtamletea mama wa watu afisa wa kumzungukia kila wiki, na wote tunajua ziara hizo huishia wapi. Mwacheni apumue.

Mleta mada, Sanawari
Mpita njia, hofu yako naielewa, sitaki mama atozwe faini kwa kijiko cha unga. Lakini swali la mama wa Majengo halijibiwi kwa kusema watu waachwe wapumue. Karatasi iliyobandikwa kwenye friji haihitaji leseni: maziwa, kimea, kornflawa. Basi. Nguvu za TBS, shirika la viwango, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula badala ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ziende kwenye maduka yanayopima CMC. Kifuko kiandikwe ni ya chakula au ya sabuni. Hao si wengi kama wauza mtindi, na hawana kisingizio cha mtaji.

(Nje ya mada kidogo: mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, huuzwa nje ukiwa mkavu, huko hutolewa karajinani, kitu cha kutia uzito kwenye aiskrimu. Sisi tunabaki na unga wa kifuko.)

Muuza mtindi, Kilombero
Karatasi nitabandika, jirani yangu naye akibandika. Nikianza peke yangu, Jumatatu sina mteja.

Fundi sabuni, Ngarenaro
Dada, muulize kwanza jirani kama anatumia kornflawa au anatumia ya kwangu.