Bernard Matemera alisomea wapi kuchonga mawe?

Mjukuu wa Newala
Habarini wakuu. Mi nachonga mpingo hapa Mtwara, kazi nimerithi kwa mjomba. Juzi mteja kanionyesha kwenye simu kazi za Matemera wa Zimbabwe, mijitu minene ya jiwe jeusi linang'aa balaa, vidole vitatu vitatu. Hivi alisoma chuo gani, na lile jiwe linapakwa rangi au? Maana mpingo siku hizi bila kibali huugusi, nawaza kuhamia kwenye mawe.

Chikongola boy
Chuo wapi! Kazaliwa Guruve 1946, alikuwa dereva wa trekta mashamba ya tumbaku. Sasa kulikuwa na mzungu Tom Blomefield, baada ya 1965 vikwazo walivyowekewa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) vikaua soko la tumbaku na shambani kwake mawe yamejaa, akawaachia watu wachonge, ndo kijiji cha wachongaji cha Tengenenge kikaanza 1966. Matemera ni wa mwanzo kabisa pale, kafariki 2002. Tena wachongaji si Washona tu, walikuwepo wahamiaji wa Malawi, Angola na Msumbiji, hadi Wayao, kwa hiyo watu wa Masasi msijione wageni.

Fundi Tindo
Rangi hamna dogo. Nimekaa Harare nimeona wanavyofanya. Jiwe likishachongwa lina kijivu cha vumbi tu, wanasugua kwa msasa na maji, wanaanza na mkali wanamalizia na laini kabisa, halafu wanalichoma moto, likishika joto sawasawa wanapaka nta linainywa, hapo ndo weusi unatoka. Pasiposuguliwa panabaki kijivu, wengine wanapaacha makusudi pawe nywele au nguo. Ila kabla hujaanza ligonge na nyundo usikilize, likilia kama kengele ni zima, likitoa mlio wa kufa achana nalo, lina ufa ndani litakupasukia kazi ikiwa inaisha.

Mjukuu wa Newala
Duh, shukrani kaka. Na haya mawe ya nyumba za Mikindani?

Fundi Tindo
Yale matumbawe, matundu matupu, yanafaa kujengea na kuchoma chokaa, kung'aa sahau. Anza na jiwe la sabuni, lile la Tabaka kule Kisii, Kenya, laini hata msumeno unakata. Shida mzigo, kipande cha futi moja kila upande kinakaribia kilo 75. Na barakoa vaa, vumbi la mawe si mchezo.

Mjukuu wa Newala
Kilo 75 toka Kisii mpaka Mtwara 😂 kuna mwenye ndugu anaendesha lori?