Naomba ushauri: Je, yoga inapingana na imani yangu kwa Mungu?

Mshonaji wa Ngarenaro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, Mkatoliki na mwanakwaya wa miaka mingi. Mwaka jana mgongo ulinishika vibaya kwa kuinamia cherehani tangu asubuhi hadi jioni, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akanishauri nijiunge na darasa la yoga. Maumivu yamepungua, kiasi kwamba sasa ninashona gauni zima bila kusimama kujinyoosha.

Linalonisumbua si mikao. Darasa likianza, mwalimu hutamka "Om" mara tatu nasi humfuata. Likiisha, tunaunganisha viganja kifuani na kusema "namaste". Kabla ya hapo kuna dakika kumi za kulala chali, kitambaa kimefunika macho, ninasikia pumzi yangu na bodaboda zikipita kwa mbali. Hapo huniingia utulivu ambao, nasema kweli, sijaupata katika rozari kwa muda mrefu. Juzi mama yangu, mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, aliniambia kwamba ninakwenda kuabudu miungu, akaondoka bila kunywa chai niliyomwandalia. Je, ninamkosea Mungu? Na utulivu ule unatoka wapi?

Mlinzi wa Zamu

Dada yangu, achana nayo kabisa. Mtu haketi katika ibada isiyo yake kwa sababu ya mgongo, na mazoezi ya kunyoosha viungo yasiyo na "Om" yapo tele. Mama yako ameiona hatari kwa kuwa anakupenda.

Mwana wa Kibokoni

Mimi ni Mwislamu wa Mombasa, na kwetu jambo hili limezungumzwa sana. Novemba 2008, Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu kufanya yoga, kwa hoja kwamba mikao ikichanganywa na maneno ya ibada ya Kihindu, pamoja na nia ya kujiunganisha na uungu, huharibu itikadi. Januari 2009, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilipambanua: yoga yenye mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na ibada ni haramu, ile ya mazoezi peke yake inaruhusiwa. Saudi Arabia nayo iliitambua mwaka 2017 kuwa shughuli ya michezo. Kwangu hukumu ya Indonesia ndiyo yenye insafu, kwa sababu inamuuliza mtu anasema nini na anakusudia nini, haihukumu goti lililokunjwa. Tena katika karne ya 11 mwanachuoni wetu Al-Biruni alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, mwalimu wa kale wa Kihindu, ili watu wajue Wahindu wanaamini nini hasa. Kwa hiyo, dada, usitamke neno usilolijua maana.

Binti wa Upanga

Nadhani ni haki nami niseme, kwani mimi ni Mhindu kwa dini, mzaliwa wa Dar es Salaam, na bibi yangu alinifundisha kuvuta pumzi kabla sijaanza shule.

"Namaste" ni maamkizi yenye maana ya "nakuinamia", na tunamwamkia hivyo hata muuza mboga. Wengi hueleza kwamba "shikamoo" ilitokana na kushika miguu, lakini hakuna anayedhani kwamba mtoto anayeamkia anamwabudu mzee. "Om" ni jambo jingine. Katika mafundisho ya Patanjali, hilo ndilo neno linalomtaja Ishvara, yaani Bwana, nafsi ya pekee isiyoguswa na mateso wala na matokeo ya matendo, na kujikabidhi kwake ni mojawapo ya njia za kuituliza akili. Kati ya mafungu 196 hivi ya kitabu cha Patanjali, yanayohusu mkao ni 3 tu, nayo yanataka mkao uwe imara na wa raha. Mikao mingi ya madarasani imekuja baadaye sana, na mingi ilipangwa upya katika karne ya 20, hasa Mysore, India, alikofundisha mwalimu wa yoga Krishnamacharya. Kwa hiyo si kweli kwamba kila anayeinama anaabudu.

Lakini nawaomba pia msituambie kwamba yoga ni mazoezi matupu, kana kwamba sala zetu ni vumbi la kupanguswa mkekani. Mimi nikisema "Om", ninasali. Wewe usiposali, nyamaza. Kunyamaza kwako kunaniheshimu kuliko kulitamka bila kulimaanisha.

Katekista Mstaafu

Mwanangu, wenzangu wamejibu kuhusu maneno. Nami nijibu kuhusu utulivu, kwa sababu naona ndilo swali lako lenye uzito. Tarehe 15 Oktoba 1989, idara ya Vatican ya mafundisho ya imani, ikiongozwa na Kadinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, iliwaandikia maaskofu barua kuhusu tafakari ya Kikristo, na yoga imetajwa humo. Barua ile inakubali kwamba mkao wa mwili na pumzi vinaweza kumsaidia anayesali. Inachoonya ni kwamba baadhi ya mazoezi ya mwili huleta yenyewe hali ya utulivu na raha, hata hisia za mwanga na joto, na kuzidhania hisia hizo kuwa faraja ya Roho Mtakatifu ni kukosea njia. Mwili uliochoka ukipumzishwa hutulia, maana Mungu aliuumba hivyo. Usiuogope utulivu huo, wala usiuite sala.

Na rozari unaisali saa ngapi? Kama ni usiku, mgongo ukiwaka moto baada ya kutwa nzima ya cherehani, usishangae. Jaribu kuisali mara utokapo darasani, kabla hujafungua simu.

Mshonaji wa Ngarenaro

Nawashukuru sana, na wewe Binti wa Upanga nakuomba radhi, kwani sikujua kwamba nilikuwa nikiitamka sala ya mtu. Jumanne nilimweleza mwalimu, akakubali ninyamaze wakati wa "Om". Baada ya darasa niliketi kwenye benchi la nje nikaanza rozari, nikafika fungu la tatu kabla mawazo hayajatangatanga.

Jana nilikwenda kwa mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na wenzako wanapotamka, wewe umenyamaza, moyoni unasema nini?" Sikuwa na jibu. Katekista, shikamoo, naomba unisaidie hapo.