Mwenge–Bagamoyo kwa baiskeli mwezi wa tano: mvua na kusi mnapangaje?

Msafiri_Pedeli: Wakuu, nataka kwenda Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo kutoka Mwenge, Dar, km 55 hivi kwenda tu. Masika haijaisha na kusi (upepo wa kusini) imeshaanza. Breki ni za raba, tairi 700x32. Nitoke saa ngapi, na mvua ikinikuta nifanyeje?

Kusi_Kaskazi: Mkuu, anza na upepo. Kusi itakusukuma mgongoni wakati wa kwenda, halafu ikupige usoni kurudi. Kama mwendo wako ni km 20 kwa saa, upepo wa km 20 usoni unakushusha hadi 12 hivi. Watu hufurahia mwendo wa kwenda, miguu ikaisha Kerege wakirudi. Toka saa 11 alfajiri, saa 2 uwe umegeuza, kwa sababu kadiri jua linavyopanda upepo wa baharini huongeza nguvu. Ukizidiwa, panda basi. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapakiwa.

Bondeni: Saa 11 sawa, ila masika ya pwani hupenda kupiga usiku kuamkia asubuhi. Jioni ya kuamkia safari soma taarifa ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa): kukiwa na angalizo au tahadhari ya mvua kubwa Dar au Pwani, ahirisha, hata kama rangi ni njano tu, ngazi ya chini. Kwenye utabiri wa saa kwa saa usihangaike na asilimia, angalia milimita. Moja au mbili kwa saa unaendesha. Zikifika 10 mashimo hayaonekani.

Maji yaliyotuama yakifika pedeli ikiwa chini (sm 10 hivi), shuka usukume. Yanayokwenda kasi usiyaingie kabisa, mfuniko wa chemba unaweza kuwa umeng'oka. Ngurumo ikifuata mwanga wa radi ndani ya sekunde 30, ingia kwenye jengo, si chini ya mwembe, na usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Fundi Rimu: Raba zikilowa hazishiki mpaka zifute maji kwenye rimu, kwa hiyo anza kugusa breki mapema. Kabla ya safari chokoa mchanga uliojikita kwenye raba, huo ndio unaokula rimu. Punguza upepo wa tairi kidogo, kama unajaza psi 60 weka 52. Na mistari myeupe ya barabarani uikwepe kwenye kona.

Msafiri_Pedeli: Shukrani wakuu. Madigadi je, ni lazima?

Fundi Rimu: La nyuma weka, hata la kukata kwenye galoni la plastiki. Liache nafasi ya sm 1 juu ya tairi, tope likijaa hapo gurudumu linakwama.