Nakesha na desa kila usiku ila sapu haziniachi, nifanyeje?

Mchovu_Dom: Wakuu habarini. Nipo mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Saa 2 usiku hadi saa 8 nipo na desa (notsi za somo), nalirudia mara nne, natia rangi. Karatasi ikija, kichwa cheupe. Sapu mbili tayari, mitihani ya kurudia. Nisaidieni.

Zabibu_Chachu: Bumu, hela ya mkopo, likiingia mnajaa Ng'ong'ona kwenye kitimoto, likikata mnatafuta ushauri.

Mwl_Takwimu: Kurudia desa ndiko kunakokudanganya. Macho yakishauzoea ukurasa unadhani umeelewa. Roediger na Karpicke walilipima hili Marekani, 2006: waliorudia kusoma waliongoza baada ya dakika 5; baada ya wiki waliojipima wakawapita. Soma dakika 20, funga, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu dakika 10. Fungua, jaza mapengo kwa peni nyekundu. Kesho anza na mekundu, kisha siku ya 3, siku ya 7. Utajiona hujui kitu, na wengi huachia hapo hapo. Kozi uliichagua mwenyewe?

Mchovu_Dom: Inahusiana nini?

Mwl_Takwimu: Anayesoma kwa kuogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, hukariri cha kumvusha tu. Jibu.

Mchovu_Dom: Ualimu wa hisabati. Mjomba ndiye aliyejaza, eti mkopo hautasumbua. Nilitaka uhasibu. Barua ya kuahirisha mwaka nishaiandika, na sioni ubaya, nikapumzishe akili.

Dada_Makole: Mdogo wangu, kabla hujaipeleka, ulizia ofisi ya mikopo bumu lako litakuwaje. Halafu acha ahadi za "nitakaza". Asiye mtu wa ratiba afunge kusoma kwenye tukio: nikimaliza kula saa 1, naingia maktaba, simu kwenye begi. Hamu huja ukishaanza kupata maswali, usiisubiri.

Kibaigwa_Mahindi: Subirini. Hisabati na kutia rangi desa wapi na wapi? Hesabu si inakokotolewa! Huyu ni wa mwaka wa tatu, anakusanya data za tafiti. Motisha, ratiba, nani alikuchagulia... dodoso tupu.

Zabibu_Chachu: 😂😂 Sehemu B: weka alama ya vema.

Mchovu_Dom: Sio hivyo mkuu. Hesabu napasua. Sapu ni saikolojia ya elimu na mitaala.

Mwl_Takwimu: Kwa hiyo mjomba hana kesi. Sapu yenyewe ya somo linalofundisha motisha! Mitihani ya nyuma unayo?

Mchovu_Dom: Sina.

Kibaigwa_Mahindi: Dodoso hilo, nawaambia.

Dada_Makole: Kaombe kwa CR, kiongozi wa darasa, wa mwaka wa tatu. Barua ikae kwanza.

Mchovu_Dom: Barua nishampa mtu aipeleke kesho asubuhi.