Massey 135 na Land Rover ya zamani: niweke oili gani kwa joto hili la Tanga?

Mwana wa Muheza
Wakuu, habari za jioni. Nina trekta Massey Ferguson 135, dizeli, injini ya Perkins ya silinda tatu. Ilikuwa ya baba mdogo, sasa kaniachia mimi. Kazi yake kulima na kuvuta tela la machungwa kutoka shambani mpaka lami. Pembeni kuna Land Rover 109 ya petroli, ile 2.25, yenyewe inatoka Jumapili tu.

Baba mdogo miaka yote aliweka SAE 40 (namba ya uzito wa oili) ya kupima, ile isiyo na dumu lake. Fundi wa huku naye anasema hiyo hiyo, eti injini ya kizee inataka oili nzito. Kijana wa duka la spea Ngamiani anataka kuniuzia 5W-30 sintetiki, bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa. Nimsikilize nani? Trekta haili oili kabisa, tena oili kwenye stiki ya kupimia imepita alama ya juu na sijaongeza kitu tangu masika. Ila ikichemka, geji ya presha ya oili inalala.

Kutu Chumbageni
Kijana wa duka anatafuta riziki yake, muache. Namba yenye W ni ya kuwashia injini kwenye baridi, na baridi Muheza utaitoa wapi, labda uhamie Lushoto. Namba ya pili ndiyo uzito wa oili injini ikishapata moto, hupimwa kwenye nyuzi 100. Hapo 15W-40 na SAE 40 ni daraja moja. Tofauti utaiona asubuhi, 15W-40 inawahi kupanda juu kwenye roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Na hilo la uzee kutaka oili nzito halikutoka kiwandani, maana vitabu vya injini hizo vilitaka SAE 30 kwenye joto. Nunua 15W-40 ya dizeli, dumu liandikwe API CI-4, ndilo daraja la ubora, na liwe na sili yake. Ya kupima achana nayo, hujui imetoka kwenye injini ya nani.

Dada Spana
Kwenye Land Rover angalia zinki, dawa ya oili inayozuia vyuma kusagana! Oili mpya za petroli, hasa nyepesi kama 5W-30, zimepunguzwa zinki na fosforasi kwa sababu fosforasi inaharibu katalisti, kisafisha moshi cha magari ya sasa. Bila hiyo, magari ya zamani kamshafti, shafti inayofungua valvu, inalika. Weka 20W-50.

Kutu Chumbageni
Dada, 20W-50 naunga mkono, lakini sababu hiyo ipeleke kwenye Peugeot 504 na wenzake ambao tapeti, kile kipande kinachopokea msukumo wa kamshafti, inaisugua moja kwa moja. Land Rover 2.25 tapeti zake zina rola. Hiyo haina presha sana na zinki.

Dada Spana
Hilo la rola sikulijua, ahsante.

Mzee wa Mkonge
Nyie mnabishana namba za kopo, mwenzenu kasema stiki imepanda bila kuongeza oili, mmempita. Mwanangu, oili haizaliani. Hiyo ni dizeli inaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Ubavuni mwa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi, inasukumwa na kamshafti. Ndani ina dayaframu ya mpira. Ikichanika, dizeli inateremkia kwenye oili. Ndiyo maana geji inalala ikichemka, oili imekuwa maji. Chomoa stiki, unuse. Halafu dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache mpaka kesho. Ukikuta doa jeusi katikati na pete ya mafuta imetanuka pembeni, usiwashe tena. Metali za krenki, zile beringi zinazoishika, zitakwisha, na dizeli ikizidi injini inaweza kuvuta oili yake yenyewe ikakimbia, hata ukizima haisikii. Kama pampu hiyo ni nzima, tazama sili ya shafti ya pampu kubwa ya nozeli.

Mwana wa Muheza
Shikamoo mzee. Pete ipo, pana kuliko doa lenyewe, na stiki inanuka dizeli waziwazi. Fundi kafungua pampu, dayaframu ina ufa wa kuingiza ukucha. Sasa anataka tuoshe injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya.

Mzee wa Mkonge
Marahaba. Mkatalie, imeshaoshwa vya kutosha. Mwaga oili ikiwa na joto, badilisha filta na pampu, weka lita sita kwanza, halafu ongeza kidogo kidogo ukisoma stiki. Hiyo CI-4 ina sabuni nyingi, itabandua masizi ya miaka, kwa hiyo itakuwa nyeusi haraka. Usishtuke, ila hiyo ya kwanza imwage mapema, ikifika saa 50 za kazi, na filta mpya tena. Na kile kibakuli cha oili kwenye filta ya hewa kisafishe, vumbi la shamba linaua ringi kuliko oili yoyote ile.

Mwana wa Muheza
Nimekuelewa mzee. Na gia ya Land Rover? Dukani wana oili ya gia EP90 aina mbili, moja daraja la GL-4, nyingine GL-5, na hiyo ya pili ndiyo wanayoisifia.

Kutu Chumbageni
GL-4. Dawa iliyomo kwenye GL-5 inaweza kula shaba za ndani ya giaboksi za zamani.