Litopsi yangu inapasuka katikati, majani ya nje yananyauka. Niipe maji?

MpendaMajani
Wakuu habari zenu. Nina litopsi, ile mimea inayofanana na vijiwe, naiweka dirishani. Ule ufa wa katikati umepanuka na ndani kuna kitu kibichi kinachungulia, lakini majani ya nje yamelegea na yana makunyanzi. Nimeshauriwa niimwagilie kila wiki kama maua mengine. Roho inasita. Naipenda sana, sitaki ife. Naomba ushauri.

Changarawe
Usiimwagilie kabisa kwa sasa! Haifi, inabadilisha majani. Jozi mpya inakua ndani na inanyonya maji na chakula kutoka kwenye jozi ya zamani, ndiyo maana hiyo ya nje inasinyaa. Ukimwaga maji, ya zamani yanajaa tena badala ya kukauka, jozi mbili zinabanana, na kuoza kunaanzia hapo. Subiri majani ya nje yabaki kama karatasi kavu. Usiyabandue kwa nguvu, utajeruhi machanga.
Hiyo ya kila wiki isahau. Kwao ni nchi kame za Afrika Kusini na Namibia. Mwaka 1811 Burchell, mtafiti wa mimea, aliokota mmoja huko akidhani ni jiwe.

MpendaMajani
Asante sana, umeniokoa. Sasa kiu ya kweli nitaitambuaje, maana makunyanzi ni yale yale?

Changarawe
Tazama ufa. Jozi mpya ikiwa bado inatoka, acha. Jozi ikiwa moja tu, imekunjamana na ni laini ukiibonyeza ubavuni, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha usirudie hadi udongo ukauke wote.

Bi Mkubwa wa Vyungu
Mwanangu, hujataja udongo wala chungu, na mimi naona huko ndiko kwenye hatari kubwa. Udongo wa bustani unashika maji mno. Sehemu kubwa iwe changarawe ndogo na mchanga wa chenga kubwa. Chungu kiwe na tundu, na kina cha kama sentimita 10, kwani mzizi wake mkuu hushuka mbali. Jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 au 5 kwa siku. Ukiona inarefuka kwenda juu, mwanga hautoshi.

MpendaMajani
Shikamoo Bi Mkubwa, nimekuelewa. Na maua je?

Bi Mkubwa wa Vyungu
Marahaba. Yanatokea kwenye ufa huo huo, meupe au ya njano, na hufunguka mchana. Ukitaka mbegu tafuta wa pili, maana mmoja kwa kawaida haujichavushi.