Naomba ushauri: maneno ya ukubwa yameniishia

Wakuu, habari zenu. Naandika makala ya sayansi kwa watoto wa shule ya msingi na nimekwama kwenye maneno ya ukubwa.

Nyangumi wa bluu anaweza kufikia urefu wa mita 30, nikamwita "mkubwa sana". Sayari ya Mshtarii, yenye kipenyo cha kama mara 11 ya Dunia, ikawa "kubwa mno". Sasa nimefika kwenye Jua, mara 109, na mfuko mtupu. "Kubwa kupita kiasi"? Kiasi cha nani, wakati hilo ndilo umbo lake?

Nilijaribu kukuza nomino yenyewe, kama nyoka anavyokuwa joka na mtu akawa jitu. Lakini "linyangumi" linasikika kama tusi, na mnyama wa watu hajamkosea mtu. Halafu jumba, lango na jiji tumeyazoea mpaka hayashtui tena. "Pandikizi" nalipenda sana, ila sikioni mwangu linakaa vizuri kwa mtu: pandikizi la mtu, sawa, pandikizi la nyota, mnaonaje? "Bonge la nyota" ni tamu ila ni la kijiweni, na mhariri wangu hana utani.

Kwa hiyo naomba maneno yanayopanda ngazi, yasiyobeba dharau wala kutisha. Au niache sifa kabisa, niweke vipimo tu? Walimu wa Kiswahili mliomo humu, mngewaandikiaje watoto wa miaka 9 au 10?